Chuo cha Mama Mwenye Mtoto Mgongoni

Wengi wetu tunaopita barabara ya Morogoro tunaijua Kibaha kwa haraka ya safari tu. Ukitoka Dar es Salaam, ukapita Kimara, Mbezi, Kibamba na Kiluvya, unafika Maili Moja, yapata kilomita 40 kutoka mjini. Zamani wasafiri waliikumbuka kwa foleni ya malori kwenye mizani, kabla mizani haijahamishiwa Vigwaza. Sisi wauguzi tunaikumbuka zaidi kwa jina la Tumbi, hospitali iliyopokea majeruhi wa ajali za barabara ile usiku na mchana kwa miaka mingi, na ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Wachache ndio wanaoshuka na kuingia ndani kidogo, kwenye eneo kubwa la miembe na mikorosho la Shirika la Elimu Kibaha. Hapo pana mzizi mmoja wa vyuo ambavyo karibu kila mmoja wetu ameviona kibao chake kando ya barabara, akapita asijue ni vya nani: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alitaja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Nchi nne za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zikakubali kuungana katika mradi mmoja, na mwaka 1963 kazi ikaanza Kibaha. Mtu akitazama jinsi walivyojenga anaona kama walimpangia kila adui nyumba yake. Kwa ujinga walijenga shule ya sekondari, kwa umaskini kituo cha mafunzo ya wakulima, na kwa maradhi kituo cha afya. Mwezi Januari 1970 nchi zile zilikabidhi mradi wote kwa Serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Shule ya sekondari, ambayo ilikuwa ya wavulana, ndiyo iliyopata sifa kuliko wenzake, na watu wakubwa wengi wa nchi hii walisoma pale. Lakini mimi leo nataka tukitazame kile kituo cha wakulima, ambacho hakikuimbwa na mtu. Kiliwachukua watu wazima waliokwisha kuoa na kuolewa, wenye mashamba na watoto, kikawafundisha, kikawarudisha nyumbani. Baadaye kikawa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibaha, na leo kinafundisha vijana na watu wazima kazi za mikono.

Wazo la chuo cha namna hiyo lilitoka mbali, na akina mama wa kanisa litatupendeza kulijua. Lilianza Denmark kwa mchungaji wa Kilutheri aitwaye N. F. S. Grundtvig, aliyezaliwa mwaka 1783. Huyu ndiye mtunzi wa nyimbo nyingi ambazo makanisa ya Denmark yanaziimba mpaka leo. Aliwaona wakulima wa nchi yake wakidharauliwa kwa sababu hawakujua Kilatini, akasema wanahitaji shule ya maisha: wakae pamoja bwenini, wale pamoja, wasikilize, waulize, waimbe, wajifunze habari za nchi yao kwa lugha yao wenyewe, na pasiwe na mtihani. Shule ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Mwanzoni ilikuwa ya vijana wa kiume, nao walikuja wakati wa baridi ambapo shamba limelala. Baada ya miaka kadhaa wasichana nao wakapewa zamu yao, wakati wa kiangazi. Sweden ilifungua vyuo vyake vya kwanza mwaka 1868. Kwa hiyo hata huko Ulaya mwanamke aliingia kwa mlango wa pili, na ratiba ilibidi ibadilishwe ndipo apate nafasi. Shikeni jambo hilo la ratiba, nitalirudia.

Turudi kwetu. Mwaka 1967 yapata theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wale wenye umri kunizidi wanakumbuka madarasa ya chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuzungukia redio, wakasikiliza habari za malaria, kuhara na minyoo, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Sisi tuliosomea uuguzi baadaye tulifundishwa kampeni ile kama mfano, na bado sijaona nyingine iliyoishinda. Mwezi Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kusoma na kuandika nchi nzima, wakaufanya watu zaidi ya milioni 5.

Hapo likazuka swali ambalo kila mama aliyemfundisha mtoto kusoma analijua: akishajua kusoma, asome nini? Mwalimu alikuwa ameviona vyuo vya wananchi vya Sweden na kuvipenda. Wataalamu wetu walipelekwa kuvitazama, Sweden ikatoa fedha na walimu, na mwaka 1975 vyuo vya kwanza vikaanzishwa hapa nchini. Vingi havikujengwa upya. Vilipewa majengo ya zamani ya vituo vya wakulima na vya mafunzo ya vijijini, ndiyo maana ukifika katika baadhi yake unakuta mabanda ya ng'ombe ya zamani kuliko madarasa. Kufikia miaka ya 1980 vilikuwa vimezidi 50, kutoka Sengerema hadi Masasi, Handeni, Ilula, Bigwa pale Morogoro, Ikwiriri na Kisarawe. Katika nchi ambayo shule za sekondari zilikuwa chache mno, hivi vilikuwa vyuo vya umma vilivyoweza kumpokea mtu aliyeishia darasa la saba, au hata darasa la nne.

Utaratibu wa siku zile ulikuwa hivi. Kijiji kilikaa mkutano, kikachagua mtu wa kwenda chuoni, naye aliporudi alitakiwa kukitumikia kijiji. Mmoja alisomea useremala, mwingine uashi, mwingine kutunza hesabu za duka la kijiji, mwingine sayansi kimu. Pamoja na hayo wote walisoma siasa na habari za nchi, kwa maana chuo kilitaka kumtengeneza mwananchi, na fundi ndani yake.

Katika usharika wetu yupo mama mmoja, sasa ni bibi wa wajukuu wengi, ambaye kijiji chake kilimpeleka chuoni mwishoni mwa miaka ya 1970 kusomea ulezi wa watoto wa chekechea. Nilimwomba anisimulie tukiwa tunapanga viti vya ukumbi.

"Shikamoo mama. Hivi baba alikubali uende?"

"Marahaba, mwanangu. Hakukubali. Aliuliza nani atapika. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, wewe si una dada zako? Nikaenda na mtoto mgongoni, wa miezi minane. Kama wangeniambia nimwache nisingekwenda."

Chuoni alikuta chumba cha watoto. Walezi walikuwa wanafunzi wenzake, kwa maana waliokuwa wakisomea ulezi walijifunza kwa watoto wa wenzao. Aliyekuwa darasa la kushona alijua mwanawe yuko hatua 50 kutoka alipo. Saa ya mapumziko alikwenda kunyonyesha, akarudi. Jambo hili halikutokea kwa bahati, kwa sababu vyuo hivi tangu mwanzo vilikuwa na vituo vya kulelea watoto mchana, ili mama aweze kuja. Nimesoma maelezo mengi yanayovisifu kwa karakana na mashamba yao. Kwa maoni yangu chumba kile cha watoto kilikuwa cha maana kuliko karakana, kwa sababu karakana bila chumba kile ni ya wanaume na ya wasichana wasiozaa.

Kisha mambo yakabadilika. Uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1980, vijiji havikuwa tena na uwezo wa kupeleka watu, na mfumo wenyewe wa vijiji vya ujamaa ukalegea. Vyuo vilitoka Wizara ya Elimu vikapelekwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Katika miaka ya 1990 msaada mkubwa wa Sweden ulifikia mwisho, ingawa vyuo kadhaa vya kule viliendelea na urafiki na vyuo vya kwetu, wakitembeleana na kubadilishana walimu. Mabati yalitoboka, magodoro yakaisha, karo ikaingia. Watu wakaanza kusema hivi ni vyuo vya waliofeli. Tusijisingizie, hata sisi wazazi wa Kikristo tulisema hivyo, na tunasema bado. Mtoto akishindwa kidato cha nne tunaona aibu kumtaja yuko wapi.

Katika karne hii vimeinuka tena. Mwaka 2012 Serikali iliamua mafunzo ya ufundi stadi yatolewe pia katika vyuo hivi kwa mitaala na vyeti vya VETA, kisha vikarudishwa Wizara ya Elimu, na mwishoni mwa miaka ya 2010 majengo yakakarabatiwa kwa mpango mkubwa. Ukifika leo utakuta madarasa yenye rangi mpya, karakana za umeme, magari na uchomeleaji, vyerehani, majiko ya upishi, kompyuta. Nafurahi, kwa kuwa cheti kinachotambulika kinampa kijana kazi. Ila kila kilichoongezwa kimesukuma kitu kando. Kozi fupi za wiki chache, ambazo mama wa miaka 40 angeweza kuja kujifunza kufuga kuku au kusindika matunda bila kuulizwa cheti, katika vyuo nilivyovitembelea zimepungua, na mahali pengine hutolewa tu anapopatikana mfadhili.

Katika ziara zangu za kujitolea na akina mama wa kanisa nilifika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mkuu wa chuo alitupokea vizuri sana, akatuzungusha kila mahali. Tulipofika kwenye jengo dogo lenye madirisha ya chini, ya kimo cha mtoto, nikauliza hili ni la nini. Akasema ni stoo. Ndani mlikuwa na mifuko ya saruji na viti vilivyovunjika. Ukutani, juu ya saruji, ilionekana bado picha ya kuchorwa ya jogoo na herufi a, e, i, o, u. Nikamuuliza wanafunzi wenye watoto wanafanyaje. Akajibu kwa upole kwamba hawana wanafunzi wenye watoto. Wenzangu walinitazama. Bila shaka hawana, wangewaweka wapi?

Nawaandikia haya kwa sababu ya wasichana ninaowaona kliniki. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila wasichana 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamewahi kushika mimba. Katika utafiti wa 2015 na 2016 walikuwa 27, kwa hiyo tumepiga hatua, lakini 22 ni wengi. Baadhi wameolewa. Wengine walikuwa shuleni. Kwa miaka mingi mimba ilikuwa mwisho wa shule ya Serikali, na mwaka 2017 hilo likasemwa hadharani na Rais wa wakati huo, John Magufuli. Mwezi Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa mimba wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Wengi wetu tulimshukuru Mungu. Lakini ruhusa ni karatasi. Msichana mwenye mtoto wa miezi minne, ambaye mama yake anauza ndizi sokoni tangu alfajiri, akishapewa ruhusa anamwacha mtoto kwa nani?

Hapa ndipo vyuo vya wananchi vilipoonyesha tena kazi yao ya kwanza. Kabla ya tangazo lile la 2021, shirika liitwalo Karibu Tanzania, ambalo lilizaliwa katika urafiki wa vyuo vyetu na vile vya Sweden, lilikuwa limeanza programu ya Elimu Haina Mwisho. Wasichana walioacha shule waliingia katika vyuo hivi, wakasoma masomo ya sekondari kwa njia ya elimu ya watu wazima, pamoja na ufundi, stadi za maisha na ujasiriamali. Programu ilianza na vyuo vichache, ikaenea katika vyuo vya nchi nzima. Na pamoja na madarasa walifungua vituo vya watoto. Wakati mlango wa shule ya kawaida ulipokuwa umefungwa, mlango huu ulikuwa wazi, tena ndani ya vyuo vya Serikali hiyo hiyo.

Katika chuo kingine tulichokitembelea nilimwona msichana mmoja kwenye cherehani, akishona sare ya shule. Alinisalimu bila kuacha kanyagio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mama. Yuko kwa walezi. Saa nne natoka kumnyonyesha."

Aliacha shule kidato cha pili. Baba yake hakusema naye kwa mwaka mzima, mpaka alipomletea suruali aliyoishona mwenyewe. Anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na hesabu ndizo zinazomsumbua. Nilimuuliza lipi lilikuwa gumu alipofika. Nilidhani atasema masomo. Akasema ni wiki ya kwanza, kumsikia mtoto akilia upande wa pili wa ukuta na kubaki amekaa.

Kama muuguzi nina la kusema juu ya vyumba hivi. Mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, na mama anayenyonyesha hawezi kukaa darasani saa tano mfululizo bila matiti kujaa na kuuma. Akizoea kukosa, maziwa hupungua, ndipo unapokuta mtoto wa miezi mitatu anapewa uji mwepesi kwa bibi, na mwezi unaofuata tunampokea wodini anaharisha. Chuo chenye kituo cha watoto ndani ya uzio wake kinaokoa masomo ya mama na tumbo la mtoto kwa pamoja. Lakini kituo kiwe kituo: maji ya kunawa, choo cha kimo chao, mkeka safi, mahali pa mama kukaa kunyonyesha bila kutazamwa, walezi wa kutosha kwa watoto wachanga. Chumba chenye watoto 30 na mlezi mmoja aliyechoka ni mahali pa kuambukizana mafua na kuhara. Na ratiba ya darasa lazima iache nafasi ya kunyonyesha, kama vile wale wa Denmark walivyobadilisha ratiba ili wasichana waje kiangazi. Mkuu wa chuo anaweza kulifanya hilo kwa kalamu, bila mfadhili.

Mwanamke hodari wa Mithali 31 tunamhubiri kila siku ya wanawake, jinsi anavyotafuta sufu na kitani na kufanya kazi kwa mikono yake. Tukimaliza kuhubiri, twende tukatazame kama katika wilaya yetu yupo mahali pa kujifunzia kazi hizo na mtoto wake. Katika usharika wetu tumeanza kwa udogo. Akina mama sita wastaafu, wawili wao waliokuwa walimu wa chekechea, wanakwenda kwa zamu katika kituo cha watoto cha chuo kilicho jirani, siku mbili kwa wiki. Mimi hupita mara moja kwa mwezi na mzani wa kupimia watoto, nikatazama kadi za kliniki kama chanjo zimekamilika. Hatuwahubirii mama zao. Mwanzoni baadhi ya wenzetu waliona tunawatia moyo waliokosea, na maneno yalikuwepo. Mmoja wa waliosema sana sasa ana mjukuu pale.

Kwa mama mwenye binti aliyeacha shule, au mwenyewe anayetaka kujifunza, nashauri asiulize barabarani. Aende chuoni mwenyewe, siku ya kazi, asubuhi, amwone mkuu wa chuo au mratibu wa masomo. Aulize kozi ndefu na kozi fupi zilizopo mwaka huu, karo na vifaa anavyotakiwa kuja navyo, kama kuna bweni la wanawake, na kama anayetaka kurudia masomo ya sekondari anapokelewa. Kisha aulize kituo cha watoto kiko wapi, aombe kukiona kwa macho, na aulize mtoto anapokelewa kuanzia umri gani. Majibu hutofautiana chuo na chuo. Akiambiwa hakuna, aulize ni wanafunzi wangapi wenye watoto wanaotakiwa wajiandikishe ndipo kifunguliwe, aandike majina, arudi nao.